Feni Iliyopuliza Kinyume

Haya nitakayosimulia ni kweli tupu. Kama kuna neno hata moja nimelitia chumvi, mpunga wangu uzae mawe msimu huu, na kakao yote iliyobaki mtini ichumwe na nyani. Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya mke wangu, na kati ya hao wawili, ninayemwogopa zaidi yuko jikoni sasa hivi. Asiyeamini aje Talatala, aulize nyumbani kwa Mzee Wilson. Ataonyeshwa mpaka pikapu yenyewe.

Mimi ni mstaafu wa meli. Idara ya injini. Vijana wa siku hizi wanadhani injini ni kitu cha kuchomeka kompyuta na kusubiri ikwambie inaumwa wapi. Sisi tulikuwa tunasikiliza. Mwaka mmoja tuko katikati ya ziwa, mawimbi yamesimama juu kama paa la kanisa, bomba la kupoza injini likapasuka. Kapteni akaanza kusali. Mimi nikachukua mgomba kwenye mizigo ya abiria, nikauchonga, nikauchomeka mahali pa bomba. Tulifika Mbamba Bay salama, na moshi wa meli ulinukia ndizi za kuchoma kiasi kwamba watu wa bandarini walitupokea na sahani.

Basi mtu wa namna hiyo atashindwa na feni?

Pikapu ni ya mwanangu Nelson. Anabebea watu mpunga na kakao kupeleka Kyela mjini. Ilikuwa na feni yake ya zamani, ile ya kuzungushwa na mkanda wa injini, ikavunjika mapanga. Nelson akataka kuipeleka kwa fundi. Nikamwambia, fundi wa nini na baba yako yupo hai? Tutafunga feni ya umeme, inayotumia betri, haina mkanda wala makelele.

Tukaenda mjini kwa Ridhwani, anayeuza vipuri vilivyotumika. Babu yake alitoka pwani, na yeye anaongea kwa adabu hata akikutukana.

"Mzee wangu shikamoo. Feni ninayo, nzima kabisa," alisema, akaifuta vumbi kwa kanzu yake. "Ila nyaya zake hizi mbili zishabadilishwa huko ilikotoka, rangi usiziamini. Kabla hujaifunga, igusishe kwenye betri, utazame upepo unakwenda wapi. Sharti ivute hewa kutoka nje, iipitishe kwenye rejeta, iilete kwenye injini. Ukigeuza nyaya, itapuliza kinyume."

"Ridhwani," nikamwambia, "mimi nimelala na injini kabla wewe hujatahiriwa."

"Basi samahani, injinia." Wateja wake wakacheka. Sikupenda walivyocheka, kwa hiyo kuigusisha kwenye betri sikuigusisha.

Niliifunga mwenyewe, uani kwangu, nyuma ya rejeta, nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi kama watu wastaarabu. Nikaweka na swichi karibu na usukani. Nelson akawasha gari, akabonyeza, feni ikanguruma kama kanisa zima limeitikia amina. Nikapiga makofi peke yangu.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasiotujua. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja, anakwepa. Akishindwa kukwepa, anajifunika kanga na kugeukia pembeni. Hasemi naye. Nyumba nyingi siku hizi zimeachana na hayo, wakwe wanakula meza moja na kuchekeana. Nyumbani kwangu hayajaachwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekataa yaachwe. Mtu akikosa pensheni nene, angalau aogopwe. Kwa hiyo mkamwana wangu Atupele, mke wa Nelson, akitaka kuniambia kitu anamwambia mke wangu Jubilate, naye Jubilate ananiambia mimi. Neno likinifikia limeshapoa.

Siku hiyo Atupele alikuwa anapepeta mpunga mbele ya pikapu, kanipa mgongo, ungo mikononi. Nikasikia minong'ono, kisha Jubilate akaita kutoka barazani.

"Baba Nelson! Mwenzio anasema gari linamrudishia makapi usoni."

"Mwambie ahamishe ungo."

"Anasema upepo wa leo unatoka ziwani, unakwenda kule. Lakini hapo mbele ya gari makapi yanakuja huku."

"Mwambie gari si ungo."

Jubilate akaguna. Atupele akahamia upande wa pili wa uwanja. Yakaishia hapo. Mwanamke aliyepepeta mpunga tangu utoto anajua upepo kuliko kuku anavyojua mtama, lakini nani alikuwa anamwuliza?

Kesho yake pikapu ikachemsha. Haikufika hata Ipinda. Nelson alirudi jioni amelowa jasho, maji ya dimbwi kwenye madumu.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Kwanza nikasema ni rejeta kuziba, na kweli, mapezi yake yalikuwa yamejaa pumba za mpunga kama godoro. Nikazitoa na mswaki wa zamani wa Jubilate, ambao baadaye ilibainika haukuwa wa zamani. Ikachemsha. Nikasema ni mfuniko wa rejeta, haushiki presha. Tukaweka mpya. Ikachemsha. Nikasema ni themostati, ile valvu ya kuzuia maji mpaka injini ipate joto. Kyela hii ambayo kuku wanataga mayai yaliyokwisha kuiva, injini inangoja joto gani? Nikaing'oa, nikaitupa kwenye migomba. Ikachemsha.

"Baba," Nelson aliniambia, "kuna kitu sikielewi. Nikiwa barabarani, nikizima feni, geji ya joto inashuka. Nikiiwasha, inapanda."

Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi nikamweleza kwamba injini ikizoea feni moja kwa miaka mingi, ukiibadilishia inasusa, kama ndama aliyeachishwa ziwa. Kwenye meli tuliliona hilo mara nyingi. Aizoeze taratibu.

Nelson akafunga boneti. "Naomba niipeleke kwa fundi, baba."

"Ukiipeleka kwa fundi, mji mzima utajua kwamba Wilson ameshindwa na feni."

Hakuipeleka. Ni mtoto mwenye heshima, na mimi heshima yake niliitumia kama kigoda.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, tunakunywa chai. Simu ikalia, Gwamaka, kaka yake Atupele, anapiga kutoka Lyulilo. Mama yao, bibi Kisa, mfinyanzi ambaye vyungu vyake vimepika nusu ya maharage ya wilaya hii, alikuwa ameumwa kwa wiki kadhaa. Sasa alikuwa hali chakula tena. Alikuwa anamtaka binti yake. Si dawa, si mchungaji. Atupele.

Nikaona kupitia mlangoni kanga inapita mbio kwenda ndani na kutoka, kibegi tayari kimefungwa. Jubilate akaja.

"Mwenzio anaomba achukue bodaboda sasa hivi. Anasema gari litamkuta mbele ya safari."

"Bodaboda?" nikasema, na nilisema kwa sauti ili kanga isikie. "Mke wa mwanangu afike kwao mgonjwa yuko kitandani, amekaa nyuma ya bodaboda kama gunia, peke yake, hana mkwe wala mume? Watu wa Lyulilo watasema nini? Gari tunalo. Tunakwenda wote."

"Gari linachemsha, baba," Nelson akasema.

"Limepona."

"Lini?"

"Jana. Nililishughulikia wewe ukiwa shambani."

Nilikuwa nimeisuuza rejeta na kuongeza maji, basi. Kanga ikasimama pale mlangoni, imegeukia ukutani, kwa muda ambao nauona mpaka leo nikifumba macho. Kisha ikaenda kupanda pikapu.

Mimi nilikaa mbele na Nelson. Kwa mila hawezi kukaa kiti kimoja nami, kwa hiyo Atupele alikaa nyuma, juani, pamoja na Jubilate, na mfuko wa mpunga wa kupeleka kwa mgonjwa katikati yao, bado haujapepetwa vizuri.

Tulipita Ipinda na sindano ya geji ikapanda kama mwizi anayeparamia ukuta. Nikaangalia dirishani. Nikaanza kumsimulia Nelson habari za kambale niliyemvua mdomo wake ukiwa na saa ya mkononi, bado inatembea. Hakucheka. Mvuke ukatoka kwenye boneti, akasimamisha gari.

Tukasubiri ipoe, tukaongeza maji. Tukaenda kidogo. Ikachemsha. Tukasubiri tena. Bodaboda zikapita, moja ikapunguza mwendo, kijana akauliza kama kuna abiria. Nikasikia nyuma Atupele akishuka.

"Mwambie apande tena gari," nikamwambia Jubilate. "Ni dakika tano tu, tunaondoka."

"Baba Nelson, mwache aende."

"Dakika tano!"

Bodaboda ikaondoka. Nilikuwa nimeinamia injini, feni inanguruma, mvuke unapita, nikaanza kuwaeleza kwamba tatizo ni hewa iliyonaswa kwenye mabomba, na kwamba hata kule kwenye meli...

"Meli gani, Wilson?" Jubilate akasema. Hakunena kwa sauti kubwa. "Wewe umepima kakao kwenye mizani ya ghala la ushirika mpaka ukastaafu. Meli umeipanda mara moja, ukatapika mpaka Mbamba Bay. Mtoto wa watu anafiwa na mama yake. Toka kwenye hilo gari."

Sijawahi kuzima maneno haraka vile. Nikawa nimesimama mbele ya gari, nimeshika bisibisi tu, sijui niipeleke wapi.

Hapo ndipo alipokuja Atupele. Alikuja mbele, mbele yangu kabisa, kanga imeshuka mabegani, uso wazi. Sikuwa nimeuona uso wake tangu harusi. Ni uso wa mtu mzima, una makunyanzi madogo pembeni mwa macho. Nilikuwa bado nafikiri ni msichana. Kwenye kiganja alikuwa na mpunga alioutoa kwenye mfuko, na makapi yake. Akausugua, akauinua mbele ya rejeta, akafungua vidole.

Makapi yote yakanijia mimi usoni.

"Baba," akasema, "feni inapuliza nje. Nilisema tangu siku ya kwanza."

Ndiyo maneno pekee aliyowahi kuniambia. Kisha akapandisha kanga, akarudi nyuma ya gari.

Nelson alikuwa tayari ameinama. Akazitenganisha nyaya zile mbili kwa meno, akazibadilisha, ya huku kule na ya kule huku, akazisokota. Akaongeza maji, akawasha. Feni ikanguruma vilevile, mngurumo uleule, lakini nyasi kavu iliyokuwa imesimama kwenye bampa ikalala na kugandamana na rejeta. Sindano ikateremka huku tukiitazama. Nelson akaendesha kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona mkononi mwake, tukavuka daraja la Lufilyo, tukapita Matema, na gari halikuchemsha tena.

Kabla hatujafika tulisikia. Kwa wanaojua, kilio cha wanawake hakikosei. Atupele aliruka kabla gari halijasimama.

Gwamaka alitupokea. Mtu mpole, mikono ina udongo wa kufinyangia, kwa sababu siku hizi alikuwa anamsaidia mama yake. Akatushika mikono mmoja mmoja.

"Ndaga, asanteni kwa kuja," akasema. "Amekwenda sasa hivi. Alikuwa anauliza kila mlio wa gari. Mtumbwi ukipita na injini, anauliza. Nikamwambia wako njiani, maana Nelson alinipigia kwamba mmetoka asubuhi." Akanigeukia mimi. "Mmetoka asubuhi, si ndiyo, baba?"

Wakatukalisha chini ya turubai na wanaume. Mbele yetu alikaa Mzee Jackson, kaka wa marehemu, mtu mwenye fimbo na subira. Akatupa pole, tukampa pole. Kisha akauliza lile ambalo lazima liulizwe, kwa sababu ukwe ni ukwe.

"Mzee Wilson, Talatala si mbali. Njia iliwafanyaje?"

Ningeweza kusema gari liliharibika. Maneno mawili tu. Nelson alikuwa ananitazama, nadhani alikuwa ananiombea niyaseme. Lakini kuna watu walikuwa wamenyamaza wakinisikiliza, na mimi nikiona watu wamenyamaza wakinisikiliza, ulimi wangu hauniombi ruhusa.

"Kiboko," nikasema.

"Kiboko?"

"Kwenye daraja la Lufilyo. Dume. Amelala katikati, kichwa kwenye ukingo huu, mkia ukingo wa pili. Tukapiga honi, akafungua jicho moja akalifumba. Nikashuka mimi. Vijana walinishika, baba usiende, nikawaambia niacheni, msiba hausubiri. Nikamsalimia Kinyakyusa, ugonile, kimya. Nikakumbuka, huyu ni kiboko wa huku, si wa kwetu! Nikamsalimia Kikisi, lugha ya huku. Jamani! Akainuka, akajisogeza, akainamisha kichwa kama shemasi."

Wengine wakatabasamu. Mmoja akacheka kabisa, akaziba mdomo. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikaanza kueleza ukubwa wa meno yake.

Ndipo sauti ya Atupele ikatoka ndani ya nyumba. Kwetu mwanamke akilia msibani anamsimulia marehemu, na anayosimulia hakuna mtu wa kumkatiza. Hapo hakuna mkwe wala mila ya kanga. Anasema na mama yake tu, lakini sauti yake inasikika mpaka kwenye mitumbwi.

"Juba, mama yangu, nimechelewa. Juba yangu, nilikuwa njiani. Nilitaka bodaboda, nikaambiwa ni aibu. Feni ilipuliza nje, juba, nilisema wakaniambia nihamishe ungo. Nilikaa juani nakutazama kwa mbali, milima yako naiona, wewe sikuoni. Bodaboda ilisimama, juba, nikaambiwa dakika tano. Dakika tano, juba. Makapi yalijua, mimi nilijua, gari likachemka, wewe ukapoa."

Wanawake wakaitikia. Chini ya turubai yule aliyecheka alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Jackson alisubiri mpaka sauti ilipopumzika, akaegemea fimbo.

"Mzee Wilson," akasema taratibu, "huyo kiboko wako ana feni ngapi?"

Nilimtazama Nelson, naye akatazama ziwa.

"Sisi hatudai," Mzee Jackson akaendelea. "Kisa hatarudi kwa kudai. Lakini mtu aliyechelewesha, halafu akaja kutuchekesha juu ya kuchelewesha kwake, maiti haijaoshwa, hawezi kula chakula cha msiba huu kwa mkono mtupu. Kesho tunazika. Hawa watu watakula."

"Nina beberu," nikasema. "Beberu mkubwa sana, ukimwona utadhani..."

"Baba ana dume la ng'ombe," Nelson akasema.

Sijawahi kumsikia mwanangu akinikatiza. Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kijiji akiulizwa njia. Nina dume, ni kweli, Sajenti, mwekundu, nimemlea tangu mama yake alipokufa akimzaa, kwa chupa, na kunifuata ananifuata mpaka kanisani. Hakuna aliyewahi kusema lolote juu ya kumchinja.

"Kama lipo," Mzee Jackson akasema, na mambo yakaisha.

Alfajiri Nelson nami tulikwenda Talatala kumchukua Sajenti. Alipanda pikapu mwenyewe, kwa sababu mimi nilitangulia kupanda. Tukapita Ipinda, tukavuka Lufilyo, jua limewaka, mzigo mgongoni, na sindano ya geji haikutikisika mahali pake. Nelson hakuitazama.

Lyulilo vijana walikuja na kamba na visu, lakini Sajenti hakumkubali hata mmoja. Aliwatisha kwa pembe, akavuta miguu, akaanza kunitafuta kwa macho. Gwamaka akanijia, udongo bado mikononi, hajapata muda wa kunawa.

"Baba," akaniambia, "anakuogopa wewe peke yako. Njoo umshike."

"Haniogopi," nikasema.

"Basi njoo umshike."

Nikaenda, nikamshika pembe zote mbili. Akatulia palepale, akaweka pua yake yenye unyevu kwenye tumbo langu, akanipulizia shati. Atupele alipita na ndoo ya maji kichwani akielekea kwa wapishi. Aliponiona akajifunika, akageuka, akazunguka kwa nyuma ya nyumba. Nikakaza mikono, na kijana mwenye kisu akaja upande wa kushoto.